Pacha wa Namba Sita

Urafiki wetu ulianzia kwenye korido, siku aliyovaa kandambili zangu bila ruhusa.

Nilikuwa nimetoka kuanika nguo, nikamkuta jirani wa chumba cha mwisho amesimama mlangoni pangu, mguu mmoja umeshaingia kwenye kandambili yangu, wa pili uko njiani. Tulikuwa tumekaa kwenye ploti hiyo moja ya Kangemi muda mrefu bila kuzidisha "sasa" na "poa." Mwenye haya angeruka na kuomba msamaha. Yeye alivaa na ya pili, akatembea mpaka kwenye ngazi, akarudi.

"Unavaa sita," akaniambia, kama daktari anayetoa majibu.

"Nani amekuuliza?"

"Kesho Jumapili una kazi gani?"

"Kulala."

"Hiyo si kazi."

"Ni kazi ukiifanya vizuri."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kilichoanzia puani na kumalizikia mabegani, na ukishakisikia unajikuta unatafuta namna ya kukisikia tena. Nadhani ndipo nilipoponzeka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa ndani. Nafuma sweta za shule kwa mashine, chumbani kwangu, redio ikiongea peke yake. Mashine iko karibu na kitanda, kwa hiyo sijawahi kuchelewa kazini wala kulaumu msongamano wa magari. Kidato cha nne nilimaliza, na alama nilizopata hazijatajwa tena nyumbani kwetu Vihiga. Tangu hapo sijawahi kukimbilia wala kukimbia chochote, hata mvua. Nikinyeshewa, nalowa polepole. Na mtu kama huyo ndiye mwenzangu alitaka kumfunga magurudumu miguuni.

Alikuwa mmoja wa kundi la watu waliokutana kila Jumapili asubuhi kuskeiti. Mara nyingine walikwenda katikati ya jiji, wakati benki zimefungwa na barabara zimebaki za njiwa. Mara nyingi zaidi walikuwa Westlands, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa jengo moja la ofisi, ambako askari wa lango aliwavumilia. Viatu vyao vya magurudumu vilitoka kwenye mitumba, na havikuwahi kutosha. Basi walijiwekea sheria. Kila jozi ina wenyewe wawili, watu wasiounganishwa na kabila wala kanisa ila ukubwa wa mguu. Hao wanaitwa pacha. Mmoja akiteleza, mwenzake anakaa ukutani akimlindia viatu vyake vya kawaida, kwa sababu kiatu kikiachwa peke yake Nairobi hupata mlezi mwingine. Filimbi ikipigwa, mnabadilishana.

Pacha wake wa kwanza alikuwa amekwenda kufanya kazi Uarabuni. Na jozi isiyo na watu wawili ilirudi kwenye gunia, ikapewa wengine. Kwa hiyo alikuwa amepita kwenye korido yetu akijaribu kandambili, mlango hadi mlango. Hakunichagua kwa tabia. Nilichaguliwa na mguu.

Siku ya kwanza nilikumbatia nguzo ya taa tangu filimbi hadi filimbi. Kocha wetu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mfupi mwenye kitambi aliyeteleza kama siagi kwenye kikaango, alinizunguka mara kadhaa akinitazama kwa huruma.

"Mama, kunja magoti. Ukisimama wima unaomba kuanguka."

"Nimekunja."

"Hujakunja. Umeinamisha kichwa tu."

Na kutoka ukutani, kandambili zangu zikiwa mapajani mwake, pacha wangu akapaza sauti ili uwanja wote usikie: "Achana na hiyo nguzo, wewe! Ina bwana!"

Niliiacha. Nikaanguka. Jumapili iliyofuata nikarudi, na mpaka leo sijui kwa nini, maana makalio yangu yalikuwa yamepiga kura ya hapana.

Watu wengi hawajui maana ya kuvaa kiatu ambacho mwenzako ametoka kukivua. Kilikuwa na joto lake. Kamba zilikuwa zimezoea mkono wake. Na kwa kuwa yeye alipenda kupinda kushoto, magurudumu yalilika upande mmoja, hata mimi nikitaka kwenda moja kwa moja kiatu kilinivuta kushoto. Watu wakadhani ni mtindo wangu. Ulikuwa mtindo wake, mimi niliazima.

Mazungumzo yetu nayo yalikuwa ya mafungu. Yeye akiwa kwenye magurudumu na mimi ukutani, alianza hadithi akipita mbele yangu: "Basi yule mteja akaniambia—" akaenda zake. Nangoja. Anazunguka uwanja, anarudi: "—eti koti limepungua, nikamwuliza, koti ama wewe umeongezeka—" akaenda tena. Alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye duka moja la dobi huko Westlands, na wateja walimpa hadithi za kutosha mwaka mzima. Nilijifunza kungoja sentensi. Kwa kungoja nina kipaji.

Lakini hesabu haikukubali jambo moja. Tulikuwa marafiki wa kuskeiti ambao hawakuwahi kuskeiti pamoja. Mmoja akiwa barabarani, mwingine yuko ukutani. Lilimuuma kuliko mimi, maana mimi ukuta niliupenda kwa dhati.

"Siku moja tutateleza sisi wote wawili," alikuwa akisema, "mkono kwa mkono, na mtu mwingine akae alinde slipa."

"Na nikianguka?"

"Tutaanguka pamoja. Si ndiyo mapacha?"

Akawa anatafuta jozi nyingine ya namba sita kila alipopata nafasi. Alikwenda Gikomba alfajiri mabunda yakifunguliwa, akapata viatu vya watoto na viatu vya majitu. Namba sita ilikuwa kama mwenye nyumba mwenye huruma: inasemekana yupo. Kila Jumapili aliniuliza kama niko tayari siku ikifika, na kila Jumapili nilimjibu kwamba niko tayari tangu kuzaliwa. Nilikuwa namtania. Halafu siku fulani nikagundua kwamba simtanii, nami nilitaka.

Mvua za masika zilikuwa zimepungua siku aliyokaa ukutani, akasukuma mguu ndani ya kiatu, na kiatu kikakataa.

"Hii kiatu umeifanyia nini?"

"Mimi? Nimeivaa tu."

"Umeikaza."

"Labda imekuchoka."

Akasukuma tena. Mguu ukaingia kwa shida, lakini kifungo cha juu hakikufika. Mwenzetu wa namba kumi, dereva wa teksi ambaye ulimi wake haukuwahi kuegeshwa, akainama kuchungulia.

"Dada, umenona miguu!"

"Mtu hunona miguu peke yake?"

"Watu huanzia wanapoweza."

Tulicheka wote, na yeye akacheka kuliko sisi. Kila mtu alikuwa na sababu. Ni kusimama kutwa kwenye pasi. Ni chumvi. Ni baridi, Kocha akasema, plastiki hujikunja kwenye baridi, na yeye anajua mambo ya joto na baridi kwa sababu ya kazi yake. Hiyo ya plastiki ndiyo tuliyoipenda. Tulikuwa watu wa viatu. Mguu ukisumbua, tulikagua kiatu.

Basi tukakipeleka kiatu kwa daktari wake. Fundi wa viatu alikuwa na kibanda chini ya ngazi, kwenye kichochoro cha River Road, kati ya wachapishaji wa kadi za harusi na duka la misumari. Alikishika, akakigeuza.

"Nani anavaa?"

"Sisi wawili," tukajibu kwa pamoja.

Akatutazama kama watu wanaotumia mswaki mmoja. Kisha akamwambia mwenzangu aweke mguu juu ya sanduku ili aone kinapobana. Akabonyeza hapa na pale kwa kidole gumba, na kila alipobonyeza pakabaki shimo dogo, shimo lililojaa polepole kama nyayo kwenye matope.

"Mguu laini huu," fundi akasema. "Wa mtu asiyelima."

"Kwetu Kitui tulilima mawe," mwenzangu akamjibu, na sote watatu tukacheka pale chini ya ngazi. Fundi akakipasha kiatu moto juu ya jiko, akagongea kipande cha ubao ndani, akakitanua. Kilipopoa kilimwingia yeye vizuri. Mimi kilinibidi soksi mbili.

Hakikukaa sana kikaanza kumbana tena. Na kulikuwa na jambo jingine. Filimbi ilipopigwa ili tubadilishane, alikuwa akinipungia mkono. "Endelea tu, mimi nakuangalia."

"Zamu ni yako."

"Nimekupa."

"Unataka niwe bingwa wa taifa?"

"Nataka uache kuaibisha mguu wetu."

Nilinung'unika, nikazunguka. Nilikuwa nimekuja kuota jua, na hapa napewa kazi ya watu wawili. Nikipita mbele yake nilimwitishia hadithi, akaniambia sentensi moja tu, na safari nyingine akatikisa kichwa tu. Nikadhani wateja wa dobi wameanza kuwa na adabu.

Jumapili moja Kocha alikuja akamtazama akihangaika na kifungo, akapiga paji la uso.

"Kwani sisi ni wajinga? Wewe si sita tena. Wewe ni saba!"

Ndani ya gunia kulikuwa na jozi ya saba. Wenyewe walikuwa wamehama mji, na hakuna mwenye mguu huo aliyejitokeza. Akavaa. Kifungo cha chini, cha kati, cha juu. Akasimama. Uwanja mzima ukapiga vigelegele mpaka askari wa lango akaja kuona nani anaolewa.

"Mungu hamtupi mja wake!" Kocha akapaza sauti. "Ameona unakosa viatu, akakuvimbisha miguu!"

Naweza kuwaona watu wote waliokuwa pale. Dereva, Kocha, mwalimu wa shule ya msingi, dada mmoja anayeuza kwenye duka la dawa, mimi. Watu wazima wenye akili zao, tunashangilia kwamba mguu wa mwanamke mzima umekua. Nasikia vile vigelegele mpaka leo nikiwa kwenye mashine, na huwa naongeza sauti ya redio.

Yeye hakupiga kelele. Alinishika mkono tu. "Sasa," akasema. "Jumapili ijayo, mjini. Mimi na wewe."

Wiki hiyo sikulala vizuri, mimi ambaye usingizi ni fani yangu. Nikafua soksi zote nne.

Tukakutana katikati ya jiji, kwenye barabara ya mabenki, asubuhi ambayo hata wachuuzi walikuwa hawajatandika. Dereva wa teksi akakalishwa kwenye ukingo wa ua, kandambili zangu goti hili, raba zake goti lile.

"Nimesomea udereva nije kulinda harufu za wanawake," akalalamika.

"Kaa vizuri, mlinzi," pacha wangu akamwambia.

Tukaanza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiteleza karibu nami, si akinipita. Magurudumu yake na yangu yalitoa sauti moja, kama shuka ndefu inayochanwa. Alikuwa upande wa kushoto, na kile kiatu kikaendelea na tabia yake, kikanivuta kwake.

"Unanisukuma!"

"Si mimi. Ni kiatu chako, kinakutafuta."

Akacheka kile kicheko cha puani. Halafu akasema kwamba leo atanipa hadithi nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa na kona. Ilikuwa ya bwana harusi aliyeleta suti ipigwe pasi siku ya harusi yenyewe, akaondoka mbio. "Nikaishika suti, nikasikia kitu kizito mfukoni. Nikasema, huyu amesahau. Nikatia mkono—"

Akanyamaza.

"Ukatia mkono?"

"Ngoja."

Aliniachilia, akaelekea kwenye nguzo ya taa, akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Nami, kwa sababu nilikuwa nimeusubiri ushindi huo tangu siku ya kwanza, nikamwambia: "Achana na hiyo nguzo, ina bwana!"

Alitaka kucheka. Mabega yalianza, lakini hakukuwa na pumzi ya kuyasaidia. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Dereva alikuja mbio, viatu vyetu mikononi. Alimweka kwenye gari akiwa bado na magurudumu miguuni, na hivyo ndivyo tulivyoingia hospitalini, watu watatu wenye jozi mbili za magurudumu. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya kukesha. Akauliza miguu imevimba tangu lini.

"Tulimbadilishia viatu," dereva akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

Daktari hakutukaripia. Aliinama tu, akaanza kumfungua vifungo mwenyewe. Ilikuwa moyo, tukaelezwa baadaye. Tangu utotoni ulikuwa na mlango usiofunga sawasawa, na sasa ulikuwa umechoka, na maji yakawa yanashukia miguuni.

Wodini walimtoa maji kwa dawa. Nilipokwenda kumwona alifunua shuka kwa fahari, kama mtu anayeonyesha sufuria mpya. Miguu ilikuwa imekwisha, mifupa mitupu.

"Angalia. Nimerudi sita."

"Karibu. Lakini kiatu chetu tulikitanua, sasa ni kikubwa."

"Kwa hiyo hatuna namba."

"Tutavaa soksi mbili mbili."

"Na tutaskeiti?"

"Wewe pona kwanza, nimechoka kuteleza kwa niaba yako."

Nikamwitisha ile hadithi ya suti. Akaianza upya, kwa sababu alisema hadithi iliyokatwa hupoa. Alisema sentensi moja, akapumzika macho yakiwa yamefumbwa. Sentensi nyingine, akapumzika. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani amelala, akaniashiria niondoke. Sikuondoka. Miaka yote nilikuwa nimekaa ukutani nikingoja azunguke arudi na sentensi inayofuata, na kila mara alirudi. Akafika kwenye mfuko, saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. "Kesho," akasema. "Kesho nitatia mkono."

Kesho yake simu iliita mapema, kabla sijawasha redio.

Sijui ndani ya ule mfuko kulikuwa na nini. Dereva anasema pete. Kocha anasema lazima ilikuwa chupa. Nimewakataza wasibahatishe.

Mama yake alikuja kutoka Kitui, akafikia kwenye chumba cha mwisho cha korido yetu. Alikuwa mama mwembamba, asiye na maneno mengi, na kile kicheko cha puani, kama alikuwa nacho, hakukuwa na sababu ya kukitoa. Nilimpelekea chai. Akaishika bila kuinywa, akatazama miguu yangu.

"Mwanangu, naambiwa mlikuwa mkivaa namba moja."

"Ndiyo, mama."

"Nguo ya kumvisha nimepata. Viatu sijui."

Tukaenda mjini, mimi na yeye, kwenye duka la viatu lililo juu ya River Road. Alichagua vyeusi vyenye mkanda na kisigino kifupi. Pacha wangu angeviona angesema ni viatu vya mwalimu wa zamu, na angenilaumu mimi kwa kutomwokoa. Nikakaa kwenye kiti kidogo, nikavua kandambili, nikavaa.

"Tembea kidogo," mama akasema.

Nikatembea mpaka mlangoni, nikageuka. Hakunitazama usoni hata mara moja. Alitazama miguu tu, kwa muda, kama anayoijua.

"Vinabana?"

"Havibani, mama."

"Kisigino?"

"Kiko sawa."

Muuzaji, kijana mchangamfu asiye na kosa, akapiga makofi. "Madam, vimekutoa! Unaenda navyo miguuni ama nikufungie?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakukipata.

"Mfungie," nikasema.

Siku ya kwenda Kitui, ambako angevishwa na kuzikwa, kundi zima lilikuja, kwa nguo za kanisani, hata sikuwatambua bila magoti yao yaliyokunjwa. Dereva wa teksi alikuwa akipanga mizigo ya watu nyuma ya gari. Akafika kwangu, akanyoosha mkono achukue boksi la viatu lililokuwa mapajani mwangu.

"Leta nikuwekee huku, dada. Safari ni ndefu."

Nikalishikilia kwa mikono yote miwili. Kocha, aliyekuwa ameshaketi nyuma yangu, akamgusa bega.

"Mwachie," akamwambia. "Ni zamu yake."